Boriti Kati ya Minara Miwili

Mama alitoka kwenye lifti ya mafundi amevaa koti lake la kanisani, na juu ya nywele alizohangaika nazo asubuhi nzima walikuwa wamembandika kofia ngumu ya manjano iliyomzidi kichwa. Upepo wa ziwani ukalikamata koti. Alishika kamba waliyowafungia wageni, akasimama pale juu ya mnara wa kaskazini, mahali ambapo tangu aolewe aliapa hatakanyaga.

"Umekuja kweli," nikamwambia.

"Nimekuja kuwachunga. Usinichekee, Majella. Kazi yako iko kule."

Wala sikuwa nacheka. Nilikuwa na hofu, na si ya kimo, kimo nilishakizoea. Niliogopa asije akabadili mawazo akaniita nirudi nyuma ya kamba mbele ya mafundi wote, siku ile ile baba yangu anafunga boriti yake ya mwisho.

Sisi ni watu wa Kells Cove, kijiji cha wavuvi kisiwani Newfoundland, na wanaume wa kwetu wamekuwa wakienda mijini kujenga kwa vyuma tangu samaki walipoanza kuadimika. Mama alikuwa bado msichana babu na mjomba Alphonse walipoanguka pamoja kutoka boriti moja, kwenye daraja huko Marekani. Yakarudi majeneza mawili kwa treni moja. Baada ya mazishi wanawake wa Kells Cove wakakata shauri, na hakuna mwanamume aliyethubutu kubisha: watu wa nyumba moja hawapandi chuma kimoja. Baba na mwana, ndugu kwa ndugu, hata shemeji kama wanakula meza moja. Haijaandikwa popote. Lakini hebu mwambie fundi wa kwetu akanyage boriti ambayo kaka yake yuko juu yake, uone atakavyokutazama.

Kwa hiyo nilipoingia kazini, mimi mtoto wa kike, na hiyo nayo ilikuwa vita ambayo nitaisimulia siku nyingine, baba alipangwa mnara wa kusini na mimi wa kaskazini. Msanifu alikuwa amechora minara miwili inayotazamana juu ya kijia chembamba cha katikati ya Toronto, mmoja umeinama kidogo kama mtu anayemsikiliza mwenzake, na kule juu kabisa daraja la kuiunganisha. Leo imezungukwa na maghorofa ya vioo marefu kuliko yenyewe, na wapita njia hawainui hata shingo. Miaka ile ya themanini, watu walikuwa wanasimamisha magari kuitazama. Mimi nasema bado ndiyo mizuri kuliko yote mjini, na atakayebisha na abishe.

Tulipanda pamoja bila kugusana. Ghorofa yangu, ghorofa yake. Saa ya chai alikaa mwisho wa boriti, miguu inaning'inia, akaniinulia kikombe. Timu yake ikitutangulia, ananitambazia vidole hewani mwendo wa konokono. Baba niliyemjua nyumbani alikuwa mtu wa kusinzia mbele ya televisheni, anayeshindwa hata kufungua kopo la jemu. Ng'ambo ya pili nilimwona mwingine kabisa. Alitembea juu ya chuma chembamba, mji mzima uko chini yake, kama vile anakwenda dukani kununua mkate. Nilimpenda upya, nalisema bila haya.

Tatizo likawa boriti ya daraja. Ncha moja inakaa mnara wake, ya pili mnara wangu. Ikishafungwa, baba anastaafu, wanarudi Kells Cove yeye na mama. Kila mtu alijua ncha ya kusini ni ya baba, Cyril Hearn. Ya kaskazini ilikuwa ya timu yangu, yaani mimi na jirani yetu Ambrose Kehoe.

Baba alilileta jambo mezani Jumapili, juu ya supu ya njegere.

"Mimi nitakuwa kwangu, yeye kwake," alisema. "Njia nzima iko katikati yetu."

"Na chuma?" mama akauliza.

"Chuma gani?"

"Cyril, usinifanye mjinga kwenye meza yangu. Chuma ni kimoja au viwili?"

Baba akakoroga supu. "Kimoja."

"Basi."

"Philo, ni boriti yangu ya mwisho. Maisha yangu yote nimefunga vyuma na watoto wa watu. Nataka mara moja tu, nikiinua macho, kwenye ncha ya pili nimwone wa kwangu."

Mama aliinuka, akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi tayari. Sikuwahi kumsikia baba akiomba kitu. Nami nilikitaka kuliko yeye, na mama alilijua hilo vizuri sana. Alipogeuka alikuwa na masharti. Kila mmoja afunge ncha yake akiwa kwenye nguzo yake. Boriti yenyewe asiikanyage mtu wa nyumba hii. Kufungua minyororo ya kreni pale katikati, aende Ambrose.

"Na nitakuja kuona kwa macho yangu," akamaliza, "kwa sababu nyie ni waongo wote wawili."

Ndiyo maana alikuwa pale kwenye kamba. Kreni ilichelewa, na katika kungoja, macho yake yakaanza kutembea. Ilikuwa Oktoba, anga nyeupe safi, jua linahama kutoka jengo hadi jengo. Lilipogonga vioo vya dhahabu vya benki, barabara ya chini yake ikawaka yote. Yale majengo mawili yaliyopinda ya ofisi za jiji yalikuwa yamekumbatia uwanja wao, na ule mnara mkubwa wa zege ukasimama peke yake karibu na maji, hauombi msaada kwa mtu.

"Yapi ya baba yako?" mama akauliza.

Nikamwonyesha. "Lile jeusi. Lile la dhahabu, mifupa yake ya ndani. Hospitali ile. Lile jembamba nyuma yake. Na lile, na lile pale."

"Hakuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kumwuliza, mama."

Sikulisema kwa ubaya, naye hakulichukua kwa ubaya. Akatazama tena, polepole, kuanzia ziwani.

"Mimi nilidhani ni vyuma tu," akasema. "Kumbe ni mji. Lo! Ni mzuri, Majella. Mbona ni mzuri hivi?"

Hapo kreni ikalia, nikaenda zangu kwenye nguzo.

Boriti ya mwisho hupakwa rangi nyeupe, kila aliyeitolea jasho kazi ile akaandika jina lake, kisha hufungiwa mti mdogo wa msonobari. Ikapanda na majina yetu yote na mti wake unatikisika. Baba alikuwa ameikumbatia nguzo yake kwa miguu, mimi yangu, spana mkononi. Kazi ile ni ya ishara za mikono. Akakunja kidole, kreni ikashusha. Ncha yake ikaingia. Yangu ikaleta ukaidi, nikaichokoa kwa mkia wa spana uliochongoka, ikakubali. Nikasukuma bolti, nikainua macho. Baba hakuwa anatazama boriti. Alikuwa ananitazama mimi, meno yote nje.

Kisha mazoea yakamponza. Katika kazi yetu, anayemaliza ncha yake kwanza ndiye hutoka kwenda kufungua minyororo, na baba maisha yake yote alikuwa anamaliza kwanza. Akasimama, akatembea.

"Mungu wangu," Ambrose akanong'ona kando yangu, "mzee kasahau."

Alikumbuka alipofika katikati. Niliona alivyoganda, mkono uko kwenye mnyororo. Akageuza uso taratibu kuelekea kwenye kamba ya wageni.

"Samahani, Philo!" akapaza sauti.

Wageni wakacheka, hawana habari. Mama hakucheka. Baba akainama afungue upesi arudi kwake, lakini pini inayofunga mnyororo ilikuwa imebanwa chini ya shina la mti. Inataka mtu ainue mnyororo na mwingine azungushe pini. Akajaribu peke yake, ikamshinda. Upepo ulikuwa unaongezeka, na kreni haiwezi kuishikilia boriti hivyo siku nzima. Ambrose akajifunga mkanda sawasawa, akainuka.

"Ambrose Kehoe, kaa chini," mama akasema.

"Lakini shangazi, anahitaji mtu."

"Naona anahitaji mtu. Sijapofuka." Kamba alikuwa ameizungusha kiganjani hadi vidole vimepauka. Alimtazama baba, kisha akanitazama mimi, muda mrefu, machozi yanamtoka na wala hayafuti. "Aliomba wa kwake," akasema. "Nenda."

"Mama..."

"Nenda kabla sijapata akili!"

Nikaenda. Baba aliniona nakuja, akaanza kunipungia mkono wa kunifukuza.

"Rudi! Mama yako ataniua!"

"Ndiye kanituma."

Hakuniamini. Akachungulia nyuma yangu, akamwona alivyosimama, na uso wake wote ukaharibika, mtu mzima yule.

"Shika hapa," akasema.

Nikainua, akazungusha, pini ikatoka. Kreni ikachukua minyororo yake ikaondoka, tukabaki sisi wawili juu ya chuma kimoja. Nikampa kisogo nirudi kwangu, nikijua naye anarudi kwake kusini. Lakini nikasikia buti zake nyuma yangu, hatua kwa hatua, mpaka mwisho.

Baba aliinama akapita chini ya kamba, akasimama mbele ya mama. Mama akampiga ngumi ya kifua, ngumi ya kweli, baba akayumba. Kisha akamdaka kwa ukosi wa shati, na hakuuachia mpaka lifti ilipotufikisha chini.