Maziwa ya Alisi

Katika miaka sita ya kuwa mkamwana wa Yudesi, Gorret hakuwahi kumwona mama mkwe wake akimnyima mtu chai. Muuza mkaa alikalishwa akanyweshwa. Fundi aliyeharibu paa la jikoni alikalishwa akanyweshwa, akaombwa arudi tena. Kwa hiyo Ijumaa ile Yudesi alipovuka mto Lhubiriha akitoka soko la Kasindi, upande wa Kongo, na konstebo Aryemo akamwomba, kama kawaida yake, tone moja tu kutoka kwenye chupa ya chai aliyobeba, na Yudesi akajibu kwamba imekwisha, Gorret alijua wameongopewa. Chupa tupu hutupwa kikapuni na mboga. Hii ilikuwa imefungwa ndani ya kitenge na kubanwa tumboni, kama yai linaloatamiwa.

Ilikuwa Machi 2019. Ebola ilikuwa ng'ambo, Kongo, na kazi ya Gorret ilikuwa kusaidia ibaki huko. Kivuko chao hakikuwa kile kikubwa cha Mpondwe chenye lango na maofisa. Kilikuwa njia ya panya chini ya Bwera: mawe matano ndani ya maji, hema moja, meza moja, ndoo mbili za maji yenye dawa ya jiki. Kila aliyevuka alinawa, kisha Gorret akamwelekezea kipima joto kwenye paji la uso. Watu walikiita bastola. Walifumba macho wakamwambia awapige haraka, ndizi zinaiva. Na wengine walisema, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba ugonjwa wenyewe ni mradi wa wakubwa wa Kasese, na wenye vizibao vya manjano kama chake wanaula.

Aryemo alimsindikiza Yudesi kwa macho mpaka akapotea migombani. Alikuwa Mwacholi, ametumwa kutoka kambi ya polisi Kasese, mwenye bunduki begani na njaa isiyoisha. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Mama yako iko na kitu," alisema.

"Mama mkwe," Gorret akamsahihisha.

"Huyo ndiyo mbaya zaidi."

Gorret alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni.

Ijumaa iliyofuata chupa ikavuka tena vilevile. Kwanza alidhani ni magendo. Halafu wazo baya zaidi likamjia. Yeye alizaliwa Muhokya, si mlimani, na Lhukonzo yake, lugha ya ukweni, ilikuwa ya kuungaunga kiasi kwamba Yudesi alichoka kuicheka na kuamua kusema naye Kiswahili cha Kasindi, kile alichokiokota sokoni kwa miaka arobaini ya kuuza nyanya na maharage. Mume wa Gorret, Sunday, alikuwa mpishi wa hoteli huko Mweya, akija nyumbani mara mbili kwa mwezi. Mama wa mwanamume wa namna hiyo, akileta kitu cha siri kutoka ng'ambo kila Ijumaa, analeta nini kama si dawa ya kumgeuzia mwanawe moyo? Gorret alianza kuonja chakula cha Sunday kabla ya kumwandalia. Alipekua chini ya mto wa kitanda. Hakuona kitu, na kutoona kitu hakukumtuliza.

Ndipo akaanza kuwatazama watoto. Yeye akiwa kivukoni, Yudesi alikaa na wajukuu watatu: Enid, binti wa Gorret, miaka miwili na nusu, na wawili wa wifi yake aliyekwenda kutafuta kazi Kampala. Siku nyingine zote walikula uani, kuku wakiwazunguka. Ijumaa walikula uji ndani ya jiko la bibi, mlango umerudishwa. Siku nyingine zote vikombe vilimngoja Gorret aje avioshe. Ijumaa Yudesi aliviosha mwenyewe, kwa maji ya moto.

Ijumaa moja jioni Enid alinyoosha mikono abebwe. Gorret alimpandisha begani, mtoto akacheua, na harufu ikampanda puani. Haikuwa ya ng'ombe wala ya mbuzi. Ilikuwa tamu, nyepesi, ya vuguvugu. Aliijua. Ilikaa kwenye blauzi zake mwaka mzima na nusu alipokuwa akinyonyesha, na tangu amwachishe Enid ziwa hakuwahi kuisikia tena mle nyumbani.

Alimuuliza mtoto amekula nini. Uji, Enid akasema. Uji wa nini? Enid akabana midomo yake kwa vidole viwili, akamtazama mama yake juu ya vidole hivyo, kama mtu aliyefundishwa.

Wiki ile Gorret hakulala vizuri. Ijumaa iliyofuata, saa nane mchana, alimwona Yudesi akikanyaga jiwe la kwanza la mto, kitenge kimevimba tumboni. Nyuma yake walikuwa watu kama kumi. Yudesi alinawa. Alipimwa: thelathini na sita nukta nne. Akaanza kupita.

"Mama," Gorret alisema, "hiyo chupa."

"Chai."

"Fungua tuone."

Mkamwana hamwamuru mama mkwe wake mbele ya watu, na hata wale waliokuwa hawawajui walilijua hilo kwa namna Yudesi alivyogeuka polepole, akasema nao wao badala ya kusema naye.

"Muone, batu. Bibi ya mutoto wangu iko ananisachi sawa mwizi."

Mmoja akasema ni pombe ya waragi. Mwingine akasema ni dhahabu ya Kongo, mama amwagie kila mtu kijiko. Watu wakacheka, na Yudesi akajaribu kupita katikati ya kicheko hicho. Aryemo akasimama njiani.

"Mama. Chupa. Fungua. Sasa hivi."

Yudesi aliifungua mwenyewe, kwa hasira, kifuniko kikaanguka matopeni. Ndani hapakuwa na chai. Kulikuwa na maziwa mepesi, yenye ubuluu pembeni, mafuta yakielea juu. Gorret hakuhitaji kunusa.

"Ya nani?"

Yudesi aliinua kidevu. "Ya Alisi."

Kingo zote mbili za mto zilimjua Alisi, hata wasiowahi kumwona. Ebola ilimchukulia mume na wifi, ikamlaza yeye wiki tatu kwenye kambi ya matibabu, halafu akatoka akitembea kwa miguu yake. Huko kwao walimwita mshindi. Gorret alijua na jambo la ziada, kwa sababu walifundishwa: kwamba ugonjwa ukishafukuzwa kwenye damu unaweza kujificha sehemu chache za mwili, na mojawapo ni maziwa. Mama aliyepona huambiwa asinyonyeshe mpaka maziwa yapimwe. Akamue, amwage shimoni. Alisi alikuwa na mtoto mchanga aliyekuwa akilelewa kwa maziwa ya kopo nyumba ya pili, na alichokatazwa kumpa mwanawe alikuwa akiwagawia waliokuja kuomba.

"Umewapa watoto?"

"Nimebapa." Yudesi hakuinamisha macho. "Ile ugonjwa iliingia mwili ya Alisi, ikashindwa. Maziwa yake iko na ile nguvu. Ninyi munachomwa sindano. Wewe ulichomwa. Huyu wa bunduki alichomwa. Enid alichomwa? Nilikuuliza, mukamwana. Ukasema chanjo ni ya wafanyakazi. Basi nikatafuta ya batoto."

Ilikuwa kweli. Alimuuliza, mwezi wa kwanza, wakipepeta maharage, na Gorret akamjibu bila kuinua macho kwenye ungo.

"Mara ngapi?"

"Ijumaa ine. Kijiko, kijiko, kwa uji."

"Ulichemsha?"

"Ukichemsha nguvu inakimbia."

Gorret alitarajia watu warudi nyuma. Hawakurudi. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alimsogelea Yudesi, akamuuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima, huyo Alisi anakaa upande gani wa kanisa. Hilo lilimtisha Gorret kuliko chupa yenyewe. Aliinyakua, akaimwaga yote kwenye shimo la taka, akafuatisha ndoo nzima ya jiki. Yudesi alitoa sauti ambayo Gorret alikuwa amewahi kuisikia mara moja tu, siku ya kumzika baba mkwe.

Aryemo alimvuta pembeni. Alisema, taratibu kwa mara ya kwanza tangu wajuane, kwamba mwenye kupiga simu ni Gorret. Yeye, polisi, akipiga inakuwa kesi, na mama atalala selo.

Gorret alishika simu. Alijua simu hiyo italeta nini: gari jeupe hadi mlangoni, majirani uani, jina la nyumba midomoni. Angeweza kunyamaza. Maziwa yamemwagika, watoto wanacheza, angewapima mwenyewe asubuhi na jioni kwa siri. Alilifikiria hilo kwa muda uliotosha watu wanne kunawa na kupita bila kupimwa. Kisha akampigia daktari Ssali, msimamizi wao Kasese, akamweleza yote, pamoja na jina la mtoto wake.

Walipewa siku ishirini na moja za kutotoka uani. Gorret alivuliwa kizibao mpaka siku hizo ziishe. Watu wenye glavu walikuja asubuhi na jioni na bastola ile ile, na safari hii yeye ndiye aliyefumba macho. Majirani walihamisha njia yao ya kisimani. Nyanya za Yudesi ziliozea kwenye kreti, kwa maana hakuna aliyetaka hata za bure. Yudesi hakumsemesha. Akitaka chumvi alimwambia mtoto: mwambie yule alete chumvi.

Siku ya sita Enid aliamka akiwa wa moto. Thelathini na nane na nusu. Walimchukua kwenda kumlaza peke yake Kasese, Gorret akimtazama kupitia dirisha la nailoni, akiwa haruhusiwi kumshika. Siku hizo mbili za kungoja majibu, alimchukia Yudesi kwa moyo wote, na akajichukia kwa ungo ule wa maharage. Majibu yakaja. Ilikuwa malaria.

Wiki ya tatu zikaja habari za Alisi. Walimpima maziwa mara mbili, na mara zote mbili yalikuwa safi. Alikuwa amepona mpaka ndani. Walimruhusu kunyonyesha, lakini mwanawe alikuwa keshalisahau ziwa, akageuza uso.

Siku ya ishirini na mbili Sunday alikuja kutoka Mweya na jogoo mwekundu chini ya kwapa. Gorret alimtazama jogoo, akaelewa: ni wa kuombea radhi. Mchana, watoto wakiwa wametolewa nje, wakaketi sebuleni: Yudesi kwenye kochi, Sunday kwenye ukingo wa kiti, na baba mdogo Tsongo, ndugu wa marehemu baba mkwe, katikati. Tsongo alizungumza kwa muda mrefu. Alisema maziwa yalikuwa safi. Alisema mtoto aliumwa malaria, kama mtoto yeyote. Alisema nyumba hii sasa inatajwa hadi Bulembia, kwamba mama mzima alivuliwa heshima mtoni na mtu anayekula kwenye sufuria yake, na kwamba jogoo yupo, kilichobaki ni maneno. Gorret alimshukuru kwa kumaliza.

Sunday alimwinamia. "Sema tu pole," alinong'ona. "Ni neno. Halina uzito."

"Likikosa uzito mnalitafutia nini?"

Yudesi ndiye aliyemjibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu siku ya mto. Alikuwa amekonda. "Aombe musamaha. Nitamusamehe. Mimi nilikuwa nachunga batoto."

Gorret aliona kwamba ni kweli, na kwamba mama huyu angevuka mto ule tena kesho, kwa kijiko kingine, kwa upendo ule ule. Na kwamba yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni huenda alikwishampata Alisi.

"Ulikuwa unawachunga, mama," alisema. "Hilo silikatai. Na uliponiuliza habari ya chanjo nilikujibu vibaya. Hilo pia silikatai. Lakini siku ile hakuna aliyejua kama yale maziwa ni safi. Wewe hukujua. Alisi mwenyewe hakujua. Ulimlisha mwanangu kitu ambacho mwenyewe alikatazwa kumpa wake, ukamfundisha kunificha."

Tsongo alikohoa. Sunday akataja jina la mkewe, polepole, kama mtu anayezuia mlango.

"Baba mdogo, jogoo mchinjeni mle, ameshafika," Gorret alisema. "Jumatatu narudi kivukoni. Mama akipita na chupa, nitamwambia afungue, na wewe ukipita nayo nitakuambia ufungue. Msamaha siombi. Siombi leo, na mkirudi kesho na jogoo wawili, siombi."