Mvinyo wa Kila Sahani

Jumanne saa tatu na robo asubuhi, mama wa bi harusi aliingia kwenye duka la mvinyo na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya kaunta na kuinyoosha kwa viganja viwili kama anayepiga pasi. Samaki wa kuoka. Kuku wa kuchoma. Nyama ya ng'ombe yenye pilipili manga. Uyoga kwa wasiokula nyama. Keki. Wageni themanini, mchana, bustanini.

"Nataka mvinyo mmoja tu," alisema. "Mmoja wa kufaa vyote. Kwenye harusi ya mdogo wangu kulikuwa na aina sita, watu wakashinda wanabadilishana glasi kama wako mnadani."

Muuzaji alikuwa dada wa miaka thelathini na moja. Watu walimwita Pua tangu shuleni, kwa sababu alinusa mvua kabla mawingu hayajaonekana. Moyo ulimruka. Miaka mitatu alikuwa akiwauzia watu waliochagua chupa kwa kutazama picha ya nje, na hakuna aliyewahi kumletea swali tamu namna hii.

"Nipe siku mbili, mama," alisema, na sauti ikamtoka juu kuliko alivyokusudia.

Shangazi yake, mwenye duka, alipika chumba cha nyuma. Pua alionja. Mvinyo mweupe mkali ulielewana na samaki, lakini nyama iliufunika usisikike kabisa. Mwekundu mzito ulimfanya samaki awe na ladha ya msumari wenye kutu. Mtamu ulipatana na keki na kugombana na vyakula vingine vyote. Alhamisi saa kumi jioni alifungua chupa ya kumi na moja: mwekundu mwepesi, wenye uchachu wa kuamsha ulimi na ukakasi kidogo tu, uliokaa kwenye friji nusu saa. Kwa samaki ulijishusha. Kwa kuku ulichangamka. Kwa nyama ulisimama wima.

"Shangazi! Njoo! Njoo uonje na uyoga!" Pua alikuwa anarukaruka, glasi mkononi.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipoingia kupitia mlango wa nyuma, uliokuwa umefungwa kwa funguo. Alivaa mabuti yenye udongo mwekundu, na mkasi wa kukatia vishada vya zabibu ulining'inia kiunoni. Alipiga hodi akiwa tayari ndani, akaomba maji. Alikunywa glasi nne.

"Karibu, dada," alisema Shangazi, akimvutia kiti. "Umetokea wapi?"

"Hizo zabibu nilichuma mimi," mwanamke alijibu, akielekeza kidevu kwenye chupa.

Walimpakulia. Pua akammiminia mvinyo. Alikuwa amechuma zabibu hizo misimu kumi na tisa na hajawahi kuuonja. "Kumbe ndivyo ulivyo," alisema, akaongeza kuku. Pua aliporudisha kizibo, mwanamke alishukuru na kuondoka kwa mlango uleule, bila kuufungua. Shangazi aliosha sahani.

Walifungua chupa ya pili kuhakikisha. Alikuja mwanamume mwenye kikohozi. Naye alianza na maji.

Pua alimpigia simu mama wa bi harusi. "Mvinyo nimeupata, mama. Unafaa vyote! Ila kila chupa inakuja na mtu."

"Chupa ngapi?"

"Arobaini."

Upande wa pili kalamu ilisikika ikikwaruza. "Wanakula nyama?"

"Wanakula chochote."

"Basi naongeza viti arobaini. Meza ya keki tutaisogeza karibu na ua."

Siku ya harusi jua lilikuwa zuri. Pua alifungua chupa moja baada ya nyingine, na kwa kila kizibo kilicholia mchumaji mmoja alipenya kwenye ua wa michongoma, akijipangusa majani mabegani. Wageni walisogeleana. Pua alitembea meza hadi meza mashavu yakimuuma kwa kutabasamu. Baba mkwe wa bi harusi, ambaye hali chochote ila samaki, aliinua glasi na kumsifu Pua kuwa ni fundi. Bibi wa bwana harusi alimega uyoga, akanywa, akafumba macho, akamega tena. Hakuna aliyeomba mvinyo mwingine. Hakuna aliyebadilisha glasi! Kwa miaka mitatu Pua alikuwa ameota mchana kama huu, na sasa ulikuwa unamzunguka na kucheka kwa sauti.

Maji ndiyo yaliyokwisha. Kabla ya nyama kuletwa, majagi yote yalikuwa matupu, na wachumaji kadhaa walikuwa wamejipanga kwenye bomba la bustani wakikinga viganja.

"Kwani kwenu hakuna maji?" baba mkwe alimuuliza jirani yake, yule mwanamke wa mabuti.

"Tulikuwa na kisima, mzee. Shamba lilipopanuliwa, bomba likageuziwa kwenye mizabibu. Sisi tunapata ndoo moja kwa kila nyumba, kila siku ya tatu."

"Aisee." Baba mkwe alitazama glasi yake kwenye jua. "Ndiyo maana zabibu zimenawiri hivi."

Hakusema kwa ubaya. Mwanamke alikubali kwamba zimenawiri.

Pua alikuwa nyuma yao. Mkono wenye chupa ulibaki hewani, mpaka meza ya pili ikamwita.

Jumatatu alimwandikia mwenye shamba barua ya kurasa tatu: chupa, watu, kisima. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu kwenye karatasi nzito, pamoja na chupa sita za zawadi. Mwenye shamba alishukuru kwa habari njema. Wateja wengine pia walikuwa wamesifu wageni wanaokuja na mvinyo, na mahitaji yalikuwa yameongezeka maradufu. Kwa hiyo shamba lilikuwa limepanuliwa tena, na kisima cha pili nacho kimeunganishwa.

Pua alimsomea Shangazi kwa sauti. Kisha akafungua chupa moja ya zawadi. Mwanamke wa mabuti aliingia, amekonda shingo, akanywa jagi zima akiwa amesimama.

"Niache kuuza?" Pua aliuliza.

"Uache?" Mwanamke alijifuta mdomo. "Dada, fungua. Maji tunakunywa huku."

Pua akaendelea kufungua. Aliuza kwa ubatizo, kwa mahafali, kwa chakula cha Jumapili cha watu wawili wasiojua kama watapika samaki au nyama. Mezani pa wateja wake hakuna aliyelalamika.

Mwezi wa sita mama wa bi harusi alipiga simu. Mumewe alikuwa anastaafu. Kungekuwa na chakula cha mchana.

"Uleule," alisema. "Wale watu wako walichangamsha meza kweli. Ila safari hii, mwanangu, nitafutie wasio na kiu sana."

"Hao hawapo, mama."

"Hawapo?" Alifikiri kidogo. "Basi, niletee walewale. Chupa ishirini."

Pua akaandika ishirini.