Mashine Kusomewa Halbadiri

Mwaka ule wa themanini na saba, mtu wa kwanza kuwa na mashine ya gemu mtaani kwao Malindi alikuwa Abdulghani muuza nguo. Aliipata kwa Mtaliana mmoja aliyekuwa akifunga hoteli yake, akaiegemeza kiambazani baina ya majora ya vitambaa, na tangu siku hiyo dukani kukawa na watoto wengi kuliko wateja. Ndani ya kioo wanaume wawili wasio na shingo walipigana ngumi na mateke kutwa nzima, wakafa, wakafufuliwa kwa shilingi moja. Ikipata joto, Abdulghani aliipepea kwa upepeo kama bibi arusi.

Nyuma ya duka, kwenye chumba kimoja, aliishi dadake Shekha na mwanawe Amin wa miaka kumi, tangu Shekha alipopewa talaka. Mlango wa uani Abdulghani alikuwa ameuziba kwa makasha, kwa ajili ya wezi, eti. Basi hata Shekha akitaka kwenda kwa jirani kuomba chumvi, ilimbidi apite dukani, chini ya macho ya kaka.

Jumatatu moja Amin alimpiga Badi, mtoto wa Mishi jirani, nyuma ya chuo cha Kurani. Alimpiga kwa ufito, nyusi ikapasuka, hospitali wakamshona nyuzi sita. Kabla ya adhuhuri Mishi alikuwa mlangoni pa duka, buibui limemwanguka bega moja.

"Abdulghani! Hilo shetani lako la kioo limemfunza mpwao kuua!"

"Bi Mishi, mashine haijatoka dukani humu hata siku moja. Imemfuata nani chuoni?"

"Usinichezee! Mwanangu nusura awe chongo!"

"Wanao hao hao huja hapa kunimalizia hewa. Mbona huwakatazi?"

"Basi nitamwendea Maalim Msellem. Anisomee Halbadiri."

Wateja wakaziachia nguo walizoshika. Halbadiri si jambo la kutamkwa kama bei ya samaki. Ikishasomwa dua hiyo ya laana, wote pale waliamini, humtafuta mwenye kosa mpaka imfikie, awe amejificha chini ya kitanda au yuko Mombasa anakula biriani. Mtu mwingine angemwomba Mishi radhi. Abdulghani, kwa kuwa roho yake ilikuwa nyeupe kama sanda dukani mwake, akapiga kifua.

"Njoo uisomee hapa hapa! Alhamisi, baada ya alasiri. Ubani wangu, halua yangu. Aliyemfundisha mtoto huyu kupiga, imshukie yeye!"

Nyuma ya pazia Shekha alishusha pumzi. Angalau haikuelekezwa kwa Amin.

Jioni alimpelekea Badi uji. Mtoto alikuwa amevimba jicho, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Ilikuwaje, baba?"

"Alinishika mkono hivi, akanigeuza ukutani. Akasema, hesabu. Ukikosea tunaanza upya. Nikakosea kwenye saba, nikageuka kumwambia, ndipo ufito ukanipata hapa."

Shekha akaliweka chini bakuli la uji. Wale wanaume wa kwenye kioo hawakuwa wakimshika mtu mkono, wala hawakuwa wakimwambia ahesabu. Aliyesema hivyo alikuwa Abdulghani, kila Ijumaa, akimchapa Amin kwa ile yadi ya mbao anayopimia nguo. Na Shekha alikuwa akifungua redio, sauti juu, majirani wasisikie.

Siku tatu zile chumba kilimpungukia upana. Akinyamaza, Halbadiri itamshukia kaka anayewalisha, na labda imguse yeye pia, mwenye redio. Akisema, watalala nje yeye na mwanawe. Kwao Mambrui alibaki shangazi mmoja, naye analala kwa watu. Jumatano alijaribu.

"Kaka, hii Halbadiri tuiache."

Abdulghani alikuwa akionja halua ya kesho, kwa mara ya nne. "Kwa nini? Unaiogopa?"

"Huenda ikamkuta mtu asiyetarajiwa."

"Mwenye kosa huogopa. Mimi naogopa nini?" Akalamba kidole. "Au una la kusema? Sema. Mlango ule pale."

"Sina, kaka."

Alhamisi mikeka ilitandikwa mbele ya mashine. Abdulghani hakuizima, alitaka Maalim aone isivyo na hatia. Chetezo kikafuka, wanaume wakakaa, Mishi akasimama kizingitini amemshika Badi. Maalim Msellem akafungua kitabu.

"Tunamsomea nani?"

"Aliyemfundisha Amin kupiga," Abdulghani akajibu kwa sauti ya imamu.

Pazia likafunguka. Shekha alikuwa amejitanda buibui mpaka machoni.

"Shikamoo, Maalim. Kabla hujaanza, muulize Badi alipigwaje."

Badi akaeleza yote: mkono, ukuta, kuhesabu, kuanza upya. Alieleza kwa raha, maana hakuwahi kusikilizwa na wazee wengi hivyo.

"Ahesabu?" Mishi akakunja uso. "Mashine hii huhesabisha watu?"

"Haiwezi," mtoto mmoja akadakia. "Haijui hata kusema."

Abdulghani akamtazama dadake, akakitazama kitabu kilichofunguka, jasho likamtiririka hadi ndevuni. Mara akaruka, akaung'oa waya ukutani. Wanaume wasio na shingo wakazimika mguu juu.

"Ni mashine! Nimekiri, jamaa! Imemharibu mtoto. Naitoa leo leo. Maalim, funga kitabu, hakuna haja tena."

Watu wakamshukuru kwa uungwana wake. Maalim akakifunga kitabu, halua ikazunguka. Mishi peke yake hakula; alimkazia Shekha macho kwa muda, kisha akamshika mwanawe wakaenda.

Watu walipokwisha, Abdulghani akafunga komeo.

"Umetaka kuniua."

"Sikukutaja, kaka."

"Mwite huyo mwanao." Mkono wake ulikuwa ushaifikia yadi.

Amin alikuwa nyuma ya pazia, akisikika anavyopumua. Shekha akasimama mbele ya pazia lile.

"Ukimgusa tena, namrudisha Maalim. Na safari hii nitataja jina. Langu na lako."

"Halafu utalala wapi?"

Shekha akatazama komeo, akatazama makasha yaliyoziba mlango wa uani.

"Hapa hapa, na wewe hapa hapa. Tutaingoja Halbadiri pamoja."

Nje watoto walikuwa wakigonga mlango, wakiomba zamu moja ya mwisho kabla mashine haijachukuliwa.