Andika na Ngombe

Kambere, mwenye duka, alipandisha sauti mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Kidude alichokishika hakikuzidi kiberiti kwa ukubwa, lakini alikuwa amekiunganisha na spika iliyokaa mlangoni, na wimbo ukamwagika hadi barabarani, katikati ya Birere, mtaa wa biashara wa Goma, ambako kila duka lilikuwa na wimbo wake na hakuna duka lililosikiliza wa mwenzake.

"Sikia basse, mama," alisema, mlio mzito ukitikisa sakafu. "Hii utapeleka ata kwa ndoa. Inawaka taa, iko na radio, inaingiza nyimbo mpaka utachoka."

"Ninasikia," alisema Umuhire. "Zima."

Umuhire alikuwa mshonaji, mwanamke wa makamo mwenye kichwa kigumu ambacho hakukiazima popote. Alikirithi kwa baba yake. Tangu asubuhi alikuwa akiingia duka hili na kutoka lile akitafuta kitu kimoja, na kila mahali walimwonyesha kingine. Wauzaji wote wa Birere walikuwa na imani moja, kwamba chombo kizuri ni kile kinachopiga kelele. Debe tupu haliachi kuvuma, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba debe hilohilo ndilo litakalonunuliwa.

"Sitafuti yenye kusema," alimwambia Kambere. "Natafuta yenye kusikia. Enregistreur, ya kukamata sauti."

"Hii pia inaenregistrer."

"Basi tujaribu."

Kambere akabonyeza, akakileta kidude mdomoni, akatangaza jina la duka lake kwa sauti ya mtu anayeuza dawa ya panya sokoni. Kisha akacheza alichonasa. Kilisikika vizuri, hapakuwa na ubishi. Kingesikika hata bila kidude. Umuhire akakichukua, akakiweka mezani, akarudi nyuma kidogo na kunong'ona, "Gaju." Akanyamaza, akavuta pumzi, akanong'ona tena, "Gaju, mwana wa Bihogo."

Walipocheza, palikuwa na mchakacho, na baada ya mchakacho, mchakacho mwingine.

Kambere akacheka. "Lakini mama, nani ananongoneza mashini? Mutu anasema kwa nguvu."

"Papa yangu hana nguvu tena," Umuhire alisema, na akachukia jinsi sauti yake ilivyotetemeka mbele ya muuzaji.

Baba yake, mzee Nsanzimana, alikuwa na uvimbe kooni. Jumatatu angepasuliwa, na pamoja na uvimbe madaktari wangetoa mahali pale sauti inapotokea. Walimweleza Umuhire bila kumficha: baba yake, Mungu akipenda, ataishi, lakini hatasema tena. Sauti iliyobaki sasa ilikuwa mnong'ono wenye mikwaruzo. Na ndani ya mnong'ono huo mlikuwa na kitu ambacho Umuhire hakuwa tayari kukiacha kitupwe pamoja na pamba za hospitali.

Kitu hicho ni majina ya ng'ombe. Wafugaji wa kule Masisi alikotoka mzee hawamwiti ng'ombe tu, humsifu: mama yake, pembe zake, maji aliyokunywa, mlima aliolalia, kwa maneno marefu yanayotembea polepole kama ng'ombe wenyewe wanavyorudi nyumbani. Ng'ombe wa Nsanzimana walichukuliwa na vita Umuhire akiwa bado msichana mdogo. Maneno yalibaki kwa mzee peke yake. Umuhire alikumbuka mstari mmoja tu, wa Gaju, aliyekuwa ng'ombe wa maziwa yake ya utotoni, na kila alipoutafuta ule unaofuata aliukosa, na ilimuuma sana.

Simu alikwisha kuijaribu. Aliazima ya Marie-Louise, jirani wa baba yake huko Kibati, nje ya mji, simu kubwa yenye kioo. Simu ilidhani mnong'ono wa mzee ni upepo, ikaufuta. Na katikati mtu akapiga kuuliza kama makaa yamefika.

Kambere aliyasikia yote hayo akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa na baba yake mwenyewe Butembo. Akazima spika, akaenda kuufunga mlango wa duka, kelele za Birere zikabaki nje zikigombana zenyewe.

"Hii njo ya akili," alisema, akitoa kidude cha rangi ya fedha na kukitia betri. "Mutu akinyamaza, inasimama yenyewe. Akianza kusema, inarudilia. Haimalize pile kwa bure."

Umuhire akanong'ona, akanyamaza, akanong'ona. Walipocheza, maneno yote yalikuwepo, lakini yalikuwa yamebanana, neno juu ya neno.

"Imekula kimya," alisema Umuhire.

"Kimya utafanyia nini, mama?"

"Kimya ni yangu. Papa anapumua kati ya ngombe na ngombe. Hii inaleta ngombe zote mbio kama zinafukuzwa."

Kambere akakirudisha kabatini kidude cha fedha. Akapiga magoti, akafukua katoni iliyokuwa chini ya kabati, na kutoka chini kabisa akainua kitu cheusi, kinene, kibaya, chenye kitufe kimoja kikubwa chekundu. Kilikula pile ndogo, betri zile zinazouzwa katika kila kibanda cha Kibati, ambako umeme ni habari za mjini. Kichwani kilikuwa na masikio mawili madogo ya waya. Hakikuwa na taa ya kucheza wala radio. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki hakikuwa kimejitembeza hata siku moja, kilikuwa kimelala na vumbi lake.

"Gaju," alinong'ona Umuhire kutoka upande wa pili wa meza. "Gaju, mwana wa Bihogo."

Kidude kikamrudishia. Alisikia jina, alisikia pumzi yake kabla ya jina, na baada yake bangili yake ilipogusa ukingo wa meza.

"Hii."

"Lakini kwa muziki haiko kitu, mama, nisikudanganye. Sauti yake ya kutoka ni ya panya. Mutu hataisikia."

"Mwenye kutaka kusikia atainama," alisema Umuhire, na akafungua mkoba.

Kabla ya kupanda pikipiki kurudi kwake alimpigia simu Marie-Louise. Alikuwa na haraka na alikuwa na furaha, na mtu mwenye haraka na furaha hachagui maneno. "Mwambie papa nimepata enregistreur," alisema. "Kesho asubuhi nitakuja, tutamuenregistrer."

Sasa, Kifaransa kimewapa watu wa Goma neno moja la kazi mbili. Kuenregistrer ni kunasa sauti. Kuenregistrer pia ni kuandikisha jina, na kwa watu waliokimbia vita mara nyingi kama watu wa Kibati, hiyo ya pili ndiyo wanayoijua mpaka usingizini: anakuja mtu na meza, unataja jina lako na ulikotoka, unapewa jeton yenye namba yako, na baada ya jeton, ukibahatika, unga. Marie-Louise alichagua maana aliyoizoea. Na kwa kuwa si mchoyo, hakukaa nayo peke yake.

Asubuhi Umuhire alipofika, uani kwa baba yake hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Kina mama walikaa juu ya mawe meusi ya volkano na watoto mapajani. Kina baba walisimama kando ya ukuta wa mbao. Kila mmoja alikuwa na kadi yake ya uchaguzi ndani ya mfuko wa plastiki, na Marie-Louise alikuwa mbele kabisa, akipanga foleni.

"Mmekuja kufanya nini hapa?" aliuliza Umuhire.

"Si ni enregistrement?" alisema Marie-Louise. "Nimewaambia wafike mapema."

Umuhire alipoelewa, alitaka kulia na alitaka kupiga mtu, na hakujua aanze na lipi. Aliwaeleza, kwa ukali, kwamba hakuna unga, hakuna jeton, kuna sauti ya baba yake tu, na anaomba kimya. Watu wakatazamana. Hakuna aliyeondoka, maana mtu aliyeamka mapema kwa ajili ya jambo hapendi kurudi nyumbani bila kuliona hilo jambo.

Mzee Nsanzimana alitoka, akakaa kwenye kiti chake, fimbo katikati ya magoti. Umuhire akakiweka kidude juu ya kigoda mbele yake na kumwomba aanze. Mzee alikitazama kwa muda.

"Ngombe iko wapi?" alinong'ona.

"Papa?"

"Ngombe wanaisifu mbele ya macho yake. Inasikia, inageuza masikio. Nisifu kigoda?"

"Papa, Jumatatu..."

"Najua Jumatatu. Sijakuwa mujinga, niko mugonjwa. Kusifu ngombe yenye haiko ni kuilia. Mimi ngombe zangu sijazililia, na sitaanza leo."

Umuhire alipiga magoti kwenye mawe. Alimwomba kwa Kinyarwanda, alimwomba kwa Kiswahili, akamwambia kwamba hata mwenye ng'ombe hana haki ya kwenda na maneno hayo peke yake. Mzee alitikisa kichwa. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na hapo walikuwa nyoka wawili wakitazamana, hakuna aliyetaka kufumba macho kwanza. Umuhire aliona siku yake inamponyoka, na akaapa moyoni kwamba hataondoka Kibati bila sauti ile, hata kama atalala uani na kidude kinawaka.

Marie-Louise, ambaye aibu ilikuwa imemkaa shingoni, akajaribu kurekebisha. "Sasa muzee," alisema kwa upole, "ata jina yako tu haiandikwe?"

Nsanzimana aligeuka. Ndipo alipowaona vizuri wale watu, mifuko ya plastiki, kadi, foleni iliyonyooka. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, ila kicheko hakikuwa na sauti.

"Mimi wameniandika mara mingi," alisema, na watu wakasogea ili wamsikie. "Kila fasi tulikimbilia, waliniandika. Jina yako nani. Umetoka wapi. Uko na watu wangapi kwa nyumba. Ata siku moja hakuna mutu aliniuliza ngombe."

Akakigeukia tena kigoda.

"Leta ile kamashini," alisema mzee. "Kusifu, sisifu. Lakini kujiandikisha, leo nitajiandikisha vizuri."

Umuhire alibonyeza kitufe chekundu.

"Naitwa Nsanzimana," alinong'ona mzee. "Natoka Masisi. Andika na ngombe."

Akavuta pumzi, na hiyo pumzi ilichukua muda wake. Kisha akahamia Kinyarwanda, lugha ambayo ng'ombe wake waliijua. "Bihogo. Mwenye rangi ya udongo uliolowa. Alikuja na mahari ya mama yangu, akavuka mto mafuriko yakamngoja apite."

Akanyamaza. Na katika kimya kile, Marie-Louise, bila kukusudia, kwa mazoea tu ya mtu aliyesimama kwenye foleni nyingi akingoja majina yasomwe, akaitikia.

"Iko."

Mzee akamtazama. Umuhire alidhani kila kitu kimeharibika. Lakini mzee aliinua kidevu, kama mtu aliyesikia kengele ya ng'ombe nyuma ya kilima.

"Gaju," alisema. "Mwana wa Bihogo. Pembe zake mwezi mchanga. Aliyemnyonyesha binti yangu nyumba ilipokosa uji."

"Iko," alisema Marie-Louise, na wengine wawili watatu pamoja naye.

Huo ndio mstari alioukosa. Umuhire alifunika mdomo kwa kitenge, ili kilio chake kisiingie kwenye kidude.

Mzee aliendelea. Aliandikisha mitamba na madume, aliandikisha ndama aliyezaliwa asubuhi waliyokimbia na hakuwahi kupewa jina, akampa jina hapo hapo. Kila alipopumzika uani pote paliitikia, kwa sauti ya chini, maana walikuwa wameelewa kwamba hapa hakuna kupiga kelele: iko. Mwishoni sauti ilikuwa imebaki uzi. Mzee akaashiria kwa fimbo kwamba kazi imekwisha, na akaomba maji.

Alipasuliwa Jumatatu, na akaishi. Alipohamishwa chumba kikubwa cha wagonjwa, bandeji shingoni na kidude chini ya mto, akaja muuguzi wa zamu ambaye hakumjua, na fishi yake, karatasi ya kuandikia wagonjwa, na kalamu.

"Papa, jina yako nani?"

Umuhire alifungua kinywa kujibu. Baba yake akamshika mkono. Akaingiza ule mwingine chini ya mto, akatafuta kwa kidole gumba, akabonyeza. Sauti ilikuwa ndogo, Kambere hakudanganya. Muuguzi akainama mpaka sikio likawa karibu na mto.

"Naitwa Nsanzimana. Natoka Masisi. Andika na ngombe."

Muuguzi aliandika jina, akaandika Masisi, kisha kalamu ikasimama. "Muzee," alisema, "kwa fishi hakuna fasi ya ngombe."

Nsanzimana hakuzima. Alimtazama tu, kwa macho yale ambayo Umuhire aliyajua tangu utotoni, na pumzi yake ya siku ile ilisikika yote, ndefu, haikukatwa hata kidogo. Bihogo akapita, Marie-Louise akaitikia ndani ya kidude. Akaja Gaju. Chumba kizima kilikuwa kimenyamaza kutega masikio. Na kabla watu wa Kibati hawajajibu ndani ya kidude, mgonjwa wa kitanda cha pembeni, mzee ambaye hakuna aliyejua kama yuko macho, akaitikia jina hilo.

"Iko," alisema.