Maharagi ya Ntirenganya

Jioni ile umeme ulikuwa umekatika mtaani Katoyi. Mwalimu Evariste alikuwa amepiga magoti juu ya mawe meusi ya uwanja wake, ameshika kable kwa vidole viwili. Kichwa cha kable kilikuwa kimelegea. Akikiachilia, darubini na kompyuta hazisikilizani tena. Darubini ile aliachiwa na mgeni aliyefundisha naye. Ina mota ndani: unaiambia uko fasi gani, mahali gani, nayo inageuka yenyewe kutafuta nyota.

"Mama Uwimbabazi, mimi mikono imefungwa. Uniandikie fasi."

Uwimbabazi alikuwa amepewa chumba kwa Mwalimu tangu vita imukimbize toka Rutshuru. Penye kugawa unga kwa wakimbizi, mtu akiulizwa fasi, anataja kijiji alichokimbia. Asipokitaja, anarudi na ndoo tupu. Basi akaandika polepole, kwa kidole kimoja: Rusekera.

Mota ikalia. Darubini ikaacha mwezi, ikageuka upande wa Nyiragongo, ikainamisha shingo mpaka kwenye tumbo la mlima, ikaona hadi ng'ambo. Kwenye kompyuta ukatokea uwanja wa Rusekera, na nyumba ya Uwimbabazi yenye bati moja jipya katikati ya bati za kutu.

"Umeandika kwenu," Mwalimu akasema.

"Si uliuliza fasi?"

Wivine, muke wa Mwalimu, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Wale wamekalia viti vyako, mama. Hata miguu hawapangusi."

Walikuwa wanaume wenye bunduki. Nyuma yao akapita mtu aliyepinda chini ya sanduku la risasi. Ni Ntirenganya, bwana ya Uwimbabazi, aliyerudi kijijini kupanda maharagi, mbegu amezifunga ndani ya kitambaa, na toka hapo hakuna aliyemuona.

Uwimbabazi hakulia. Zamani kidogo Mwalimu alimwambia kwamba mwanga wa nyota unachelewa njiani. Unaweza kutazama nyota, kumbe imekwisha kufa.

"Mwalimu, hii tunaona ni ya leo, ao ni ya zamani?"

Batri ya kompyuta ilikuwa imeingia nyekundu.

"Usitikise kable," Uwimbabazi akasema, akasogeza uso karibu. Nyuma ya jikoni yake maharagi yalikuwa yamechanua, maua meupe mistari kwa mistari. "Aliyapanda. Ni ya leo. Bwana yangu iko muzima."

Picha ikazimika.

Kesho yake Mwalimu alimleta mukubwa wa jeshi, ili askari waende kumtoa Ntirenganya kule. Mukubwa akakaa, akaangalia picha vizuri.

"Ni bwana yako kweli?"

"Ni yeye, muzee."

"Anabeba masanduku ya nani?"

"Ya wale."

"Basi ni mutu wao. Akitokea huku, tutamufunga."

Akaomba kuonyeshwa mwezi. Darubini haikugeuka. Akasema ni chombo kizuri tu, akaenda.

Kuanzia hapo, jua likiingia, Wivine anatoa kiti nje na Mwalimu anapiga magoti kushika kable. Maharagi yakakauka. Ntirenganya akayang'oa peke yake, akayapiga kwa fimbo, akayapepeta, akajaza gunia. Kisha akalibeba mpaka penye vile viti, akalitua miguuni pa wale wenye bunduki. Mmoja akamwonyesha kwa kidole sanduku lingine.

"Yamezaa," Wivine akasema.

"Yeye anapandaka muzuri," Uwimbabazi akajibu. "Mwalimu, usilegeze."