Bega la Nane

Mimi ndiye kijana wa kijiji hiki. Nina miaka sitini na mmoja, goti moja bovu na meno ya kuhesabika, lakini ukisikia mtu anaita "kijana, njoo" huku Korongo la Dou, ujue naitwa mimi, Dou Changmao. Vijana wenyewe walishashukia mijini, na mashamba waliyoyaacha serikali imeyapanda miti ili udongo usiporomoke. Udongo haukusikia. Kila mwaka ile mvua yetu moja ya mwezi wa saba inamega njia, na sasa hata pikipiki haifiki makaburini kule juu.

Kwa hiyo maiti hubebwa. Jeneza letu ni zito, linataka wanaume wanane, wanne mbele na wanne nyuma. Mume habebi mkewe, na mwana habebi mzazi. Kijijini tulikuwa tumebaki wanaume tisa. Mke wa Mzee Qi Yonglu, jirani yangu, alikuwa hoi kitandani tangu mavuno ya viazi. Ukimtoa Mzee Qi, tunabaki wanane kamili, na mimi nilikuwa nimeshafunga mizigo.

Binti yangu Suqin, anayekaa mjini Lanzhou, alikuwa amenitengea chumba. Kina maji ya moto ya bomba, na dirishani unaiona shule ya mjukuu wangu. Tangu mke wangu afariki nilikuwa nimekula peke yangu miaka saba, nikibishana na redio. Chumba kile nilikitaka kama mtoto anavyotaka sikukuu.

Mwezi wa kumi na moja karani wa sensa akaja kwa miguu, binti mdogo, viatu vimejaa vumbi. Alimkuta Mzee Qi amekaa kwangu kando ya jiko, anajifanya anamenya kiazi.

"Maji ya kunywa mnapata wapi, baba?" karani akaniuliza.

"Shimoni, hapo uani. Mvua ikinyesha tunakinga, isiponyesha tunaomba."

"Humu ndani mnakaa wangapi?"

"Mmoja."

"Utaendelea kukaa, au nikuandike umehama?"

Mzee Qi akajibu bila kuinua macho. "Mwandike amehama, mwanangu. Huyu ni mtu wa mjini. Juzi nimemfuma anakata kucha." Akacheka, akakirudia kiazi chake.

"Niandike hapa," nikasema.

Suqin alinipandishia sauti kwenye simu. "Baba, yule si mama yako."

"Najua. Akishazikwa nakuja. Hamalizi mwezi."

Mama Yue, ndivyo tulivyomwita mke wa Mzee Qi, alimaliza mwezi. Akamaliza na wa pili. Kila asubuhi nilimpelekea ndoo ya maji, na ukweli niuseme, maji yalikuwa kisingizio: nilikwenda kuangalia kama bado anapumua. Nikimkuta yu macho, navunjika moyo, halafu aibu inanijaa. Asubuhi moja alinivuta mkono wa koti.

"Changmao, mwanangu, nisamehe. Nachelewa."

"Unasema nini, mama mkubwa? Kunywa maji."

"Najitahidi. Roho tu haitaki kutoka."

Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya zizi tupu, maana kondoo tulishauza zamani.

Alikufa mwezi wa pili, ardhi bado ngumu kwa barafu. Tulimpandisha wanane, mkubwa wetu ana miaka sabini na tisa. Jeneza haliruhusiwi kugusa ardhi njiani, basi tulipochoka tulisimama nalo begani, tunahema, na hakuna aliyethubutu kusema amechoka. Mzee Qi alitangulia akitutolea mawe njiani. Tulimfikisha.

Siku ya tatu Mzee Qi akaniambia, "Nenda sasa, kijana. Umetutendea vya kutosha. Mimi nikifa, watajua wenyewe watakavyonikokota."

Nikampigia Suqin.

"Baba, chumba... Mama mkwe alianguka mwezi uliopita, akavunjika nyonga. Tumemweka humo. Ungekuja wakati ule nilipokuambia."

"Sawa, mwanangu. Mtunzeni."

Simlaumu. Asiyekuwapo na lake halipo. Lakini nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa, nikimwonea wivu bikizee aliyevunjika nyonga.

Jioni nikaenda kwa Mzee Qi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha udongo, upande wake. Upande wa mkewe blanketi lilikuwa bado limetandikwa.

"Umekuja kuaga?"

"Siendi, baba mkubwa. Nimeghairi. Mjini watu wengi mno, nitawazoea lini?"

Alinitazama sana. Halafu machozi yakamtoka, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Kumbe duniani bado kuna watu," akasema.

Nikamwacha aamini.