Shimo la Futi Kumi na Tano

Norah alikuwa nyuma ya jiko anamenya mihogo, maganda akiwatupia mbuzi, mumewe aliyekuwa amekufa alipoingia uani, akapita bila salamu na kwenda moja kwa moja kukagua choo.

Hilo la salamu halikumsumbua. Okochi alikuwa Bwana Afya wa serikali, na tangu aajiriwe alikuwa anasalimu vyoo kwanza, watu baadaye. Alivuta mlango wa matete, akainua mfuniko, akachungulia, akaurudisha. Kisha akakiendea kibuyu cha maji kilichoning'inia nje, akanawa mikono. Hapo ndipo Norah alipopata hakika. Maji yalimpita vidoleni yakaanguka chini kana kwamba hayakukutana na kitu.

"Kumbe walikuua," Norah alisema.

"Waliniua," Okochi alisema. "Mama Kevina, nani aliacha mfuniko wazi mchana? Kuna nzi wawili ndani."

Norah akasema ni yeye. Akaendelea kumenya huku analia, maana mihogo ilikuwa ya jioni hiyo na kulia hakuzuii kisu.

Okochi alizaliwa hapa hapa Busia, lakini kazi yake ilikuwa Tororo, na eneo lake lilikuwa vijiji vya Kwapa. Huko hakuna mtu ambaye hakuwahi kugombezwa naye. Kwake choo kilikuwa cha futi kumi na tano au hakikuwa choo, na ili asibishane na wavivu alitembea na mwanzi mrefu wa kipimo hicho, wenye alama iliyochomwa kwa moto katika kila futi. Aliufunga ubavuni mwa baiskeli. Alipotaka kugeuka, barabara nzima ilimngoja, mabasi yakiwemo. "Shimo zuri," aliwafundisha wachimbaji, "ni lile ambalo kilichoingia hakitoki." Ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi, sabuni ilivuka kutoka Kenya ndani ya magauni ya wanawake, chumvi ilinunuliwa kwa kunong'ona, na Okochi bado aliingia kwenye nyumba za watu akinusa viganja vyao.

Kosa lake lilikuwa kuipeleka fimbo ile kambini. Askari walikuwa wamechimba choo juu ya kijito, naye akakipima mbele ya gwaride zima, akasema, "Hiki si choo, ni kikombe." Wakamwomba aingie kwenye buti la gari. Walioona wanasema aliingia kwa adabu, akakunja magoti, akauliza kwa nini buti halina tundu la hewa. Ofisini kwao iliandikwa kwamba ametoroka kazini na yuko Kenya. Baiskeli na mwanzi vililetwa nyumbani na Swaliki, dereva wa lori, aliyevikuta vimelala kando ya njia.

Sasa, bila kaburi hakuna matanga. Mwanamke hawezi kukaa mkekani apewe pole kwa mume ambaye serikali inasema amechelewa kazini tu. Ukoo ukakubaliana wafanye kama wanavyofanyiwa waliozama ziwani wasipatikane: wazike mgomba mahali pa mwili, watu walie, mambo yaishe. Egesa, mchimba vyoo wa hapo, na wenzake wakapewa majembe.

Tatizo ni kwamba Egesa na wenzake kuchimba walifundishwa na Okochi, na mikono yao ilijua kipimo kimoja. Walianza asubuhi wakipiga soga. Walipozinduka walikuwa futi kumi na tano chini ya ardhi, Egesa anaomba kamba.

Jua lilipokuwa linazama watu walianza kumzungumzia marehemu. Binamu yake, Okanya, alisimama akafuta machozi. "Marehemu alinipiga kwa ajili ya choo," alisema, "lakini alinipenda."

"Sikukupiga," Okochi alisema. Alikuwa amefika na anafunika masufuria ya wapishi. "Nilikusukuma. Na hicho choo hujakimaliza."

Okanya akakiri kwamba umebaki mlango.

Aliyepata shida ni Benedeta, mama yake Norah. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, kwa hiyo katika maisha yote ya Okochi hakuwahi kufika uani kwake, na leo alikuja kwa raha zake akijua kikwazo kimeondoka. Alipomwona alijirusha nyuma ya ghala, akajifunika leso kichwani. Wanawake walijadili kama mkwe aliyekufa bado ni mkwe. Wakaona kwamba maadamu anatembea, ni mkwe. Benedeta alikula chakula chake huko huko nyuma ya ghala.

Okochi akachungulia lile kaburi. Uso ukamchangamka. "Hili ndilo shimo," alisema. "Limebaki kuwekewa bamba."

Katekista aliyeitwa kuzika akafunga kitabu. Alisema hawezi kumzika mtu anayetoa maagizo. Watu wakala, wakashukuru, wakaondoka, na mgomba ukaliwa na mbuzi. Wiki hiyo hiyo Egesa alilifunika shimo kwa bamba la saruji ambayo Swaliki alijua ilikotoka, akaacha tundu katikati na mfuniko wa mbao juu yake. Hakuna aliyelitumia. Wengine walisema ni kaburi linalofanana na choo, wengine walisema kinyume chake.

Mwenye hasira alikuwa Norah peke yake. Alitaka kaburi, akapewa choo cha pili.

Hata hivyo Okochi aliendelea kuja. Kila jioni alikuja na matope miguuni, akakagua, akanawa, akaketi kwenye kigoda chake akimtazama mkewe akisonga ugali wa wimbi. Kula hakuweza, ila alipenda kuona chakula kimefunikwa. Jioni moja Norah alimuuliza swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa analiogopa.

"Baba Kevina, uko wapi hasa? Niambie nije nikuchukue."

"Chini ya kambi, pale kijito kinapopinda kwenda Kwapa. Tuko wengi." Okochi alitikisa kichwa. "Ni aibu, Mama Kevina. Futi mbili! Magoti yangu yako nje. Mvua ikinyesha tunaingia majini, na maji hayo ndiyo watu wanachota. Nenda kambini uwaambie wachimbe kwa kipimo."

"Wakichimba kwa kipimo, wewe jioni utatokaje?"

Okochi alikuwa mtu wa vyoo, maneno ya mapenzi hakuyajua. Aliiangalia mikono yake mikavu. "Sitatoka," alisema.

"Basi siendi."

"Watu watahara."

"Na wahare!" Norah alisema, mwiko mkononi. "Ulipokuwa hai nilikuona mwisho wa mwezi, umechoka, unanuka dawa. Sasa nina mume anayerudi nyumbani kabla ya giza kama waume wa wenzangu. Siendi, Okochi. Nakupenda na siendi."

Akasonga ugali kwa nguvu hadi sufuria likaruka mafigani. Okochi alipoondoka alipitia chooni mara ya pili, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Norah aliifungia siri hiyo kifuani, akawa anaamka nayo na kulala nayo. Mvua zikaanza. Siku ya soko alikwenda kununua simsim kwa Athieno wa Kwapa, mama aliyemuuzia miaka yote na kumwongezea konzi moja ya bure. Athieno alikuwa amebeba mtoto mgongoni, na kichwa cha mtoto kilikuwa kimelegea kando, midomo imekauka.

"Anahara tangu mvua ianze," Athieno alisema. "Huko kwetu ni kila nyumba. Bwana Afya angekuwepo angetugombeza."

Norah alirudi nyumbani bila simsim. Kesho yake alfajiri alipanda lori la Swaliki kwenda Tororo, ule mwanzi umefungwa juu ya turubai, ukining'inia mbele na nyuma.

Kapteni wa kambi alimpokea ofisini. Alikuwa mtu mkubwa aliyepungua ghafla, mkanda wake umetobolewa matundu mapya kwa msumari.

"Mama, mtu yako alikimbia Kenya," alisema kabla hajaulizwa. "Iko kule nakula ugali ya Kenya. Hapa hakuna."

"Sikuja ya mtu, afande. Nimekuja ya shimo."

Kapteni aliinua kidole kuomba ruhusa, akatoka mbio. Alirudi baada ya muda akijifuta jasho.

"Shimo gani?"

"Ile ya kwa kijito. Ni futi mbili tu, afande. Mvua naosha, halafu maji yake nyinyi nakunywa."

Kapteni akatoka mbio tena. Safari hii aliporudi alikuwa amelainika, akaketi kwa upande mmoja wa kiti.

"Shimo iko," alikubali. "Watu hakuna. Lakini shimo iko."

"Chimba ingine, futi kumi na tano, mbali na maji. Fimbo ya kupima nimeleta. Na ile siku ya kuhamisha, nakuomba, mnipe mmoja. Mimi nitamjua kwa magoti."

"Mmoja ya nini? Nasema watu hakuna. Sisi nahamisha udongo."

"Basi, afande, nipe udongo yangu."

Kapteni alimtazama, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama ana jambo la kusema. Kisha akashika tumbo. "Udongo ya serikali haitoki, mama," alisema kutoka mlangoni, akapotea. Koplo akaupokea mwanzi, akamsindikiza Norah hadi getini.

Jioni moja Okochi alifika na matope mapya, mekundu. Alikagua, akanawa, akaketi.

"Wameanza kuchimba," Norah alisema.

"Wanatumia fimbo?"

"Wanatumia."

Okochi alifurahi, na Norah akamchukia kidogo kwa furaha ile. Akampakulia ugali na mlenda ingawa alijua hatakula, akamwekea karibu, akaufunika. Giza likaingia, saa yake ya kuondoka ikapita, Okochi bado ameketi. Hatimaye alisimama akaelekea njiani, halafu akarudi.

"Choo chako," alisema, "ndicho kizuri kuliko vyote nilivyokagua."

Katika ndoa yao yote Norah hakuwahi kuambiwa neno tamu kuliko hilo. Alilia hadi moto ukazimika jikoni.

Okochi hakuja tena. Maji ya kijito yakatakata. Athieno alileta simsim bila kudai, na mwanawe, ambaye sasa alikuwa anakimbia, aliiba kipande cha muwa jikoni kwa Norah akachapwa. Kapteni akanenepa, akarudia tundu lake la zamani kwenye mkanda. Swaliki alipokwenda kuuomba mwanzi, koplo alimwambia hawawezi kuurudisha kwa sababu kazi inaendelea. Shimo la kipimo kile, alisema kwa kusifu, lina nafasi kubwa sana, mtu hajazi leo wala kesho. Magari yaliendelea kupita kwenda kambini, mabuti yakiwa yameinamia nyuma kwa uzito. Ofisini Okochi alibaki mtoro.

Siku moja baada ya mvua Norah alikuwa anafagia uani, akafika kwenye lile bamba la Egesa. Aliinua mfuniko aone kama maji yameingia.

"Mama Kevina," sauti ilisema kutoka chini. "Mfuniko."

Norah alipiga magoti pembeni ya tundu. Baadaye Egesa alimweleza kwamba mashimo ya kina kimoja husikiana, wachimbaji wote wanajua, yeye hakuona kama ni jambo la kumwambia mtu.

"Uko hapo?" Norah aliuliza.

"Nzi wataingia," sauti ilisema. Nyuma yake zilisikika sauti nyingine, nyingi, za wanaume na mwanamke mmoja au wawili, zikiuliza nani anaongea, ni wa kwao nani, kama anaweza kupeleka salamu Tiira, kama anaweza kupeleka salamu Malaba. Okochi aliwanyamazisha. "Mke wa mtu anafagia," aliwaambia. "Mama Kevina, funika. Umenawa?"

"Sijanawa."

"Kanawe."

Norah akafunika, akaenda akanawa kwa sabuni. Kesho yake, baada ya kuosha vyombo, akafunua tena, akaketi pembeni, akangoja agombezwe.